Gauni Lililonijia Nikisinzia

Mdogo wangu alipokuja kuniambia ameposwa, hakukaa hata kitini. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, hapa Kirumba kando ya ziwa, akasema kwa pumzi moja, "Dada, sitaki shela. Nataka unishonee gauni la mama."

Nililijua gauni analolisema. Mama alikuwa na gauni moja la bluu la kutokea, la kanisani na la harusi za watu. Alifariki mdogo wangu akiwa hajaanza hata kutembea, kwa hiyo yeye alilisikia tu kwenye simulizi zangu. Picha hatukubaki nayo. Gauni lenyewe mama alizikwa nalo.

"Nitakushonea," nikamjibu, na papo hapo nikagundua kwamba sikumbuki lilivyoshonwa.

Nilikumbuka rangi. Nilikumbuka kwamba mikono ya gauni ilikuwa mipana. Basi. Nikakata magazeti kuwa patani, vielelezo vya kukatia kitambaa, nikazishikiza kwa pini kwenye sanamu langu la kupimia nguo, nikazibandua, nikakata nyingine. Kila nililolijaribu lilikuwa gauni zuri, na hakuna lililokuwa lenyewe. Nikampigia mama mdogo, anayeishi Magu.

"Lilikuwa linapepea," akasema. "Zaidi ya hapo, mwanangu, usiniulize."

Mdogo wangu akawa anapita kila akitoka kazini. "Ndilo hili?"

"Bado."

Mchana mmoja wa joto, ziwa limetulia na pazia halitikisiki, niliegemea ukuta nikiwa na mkasi mkononi. Nilisema nifumbe macho kidogo tu. Sauti za barabarani zikaanza kusogea mbali. Mawazo nayo yakaanza kwenda yenyewe bila kunisubiri: gazeti nililokuwa nakata likawa samaki, samaki akalainika akawa barabara, na barabara ikawa ile ya kwenda Magu. Mimi ni mtoto, nimekaa kwenye keria ya baiskeli, shavu langu limelala mgongoni mwa mama anayeendesha. Pua yangu imegusa kitambaa cha bluu. Mama anasema bila kugeuka, "Shika vizuri, usilale, utaanguka."

Mkasi ukaniponyoka, ukalia sakafuni ngaa!

Nilishtuka nikiwa bado nauona ule mgongo. Siku nyingine ningepitiliza usingizini na kuamka nimesahau kila kitu, lakini ule mlio ulinidaka mlangoni mwa usingizi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Na mikono ya gauni, jamani, haikuwa imeungwa begani! Ilianzia mgongoni, kipande kimoja, marinda yamekusanywa chini kidogo ya shingo, kisha kitambaa kinashuka huku na huku mpaka kwenye viwiko. Siku zote hizo nilikuwa nalitafuta kwa mbele. Mtoto wa kwenye keria angelijulia wapi kwa mbele? Nililijua kwa nyuma, tena nililijua nikisinzia, kwa sababu kila safari ya Magu nilikuwa nasinzia hivyohivyo.

Sikutafuta hata karatasi. Nilichora kwa chaki juu ya meza, nikiogopa kupepesa macho. Kisha nikatoka mbio mpaka kwa mzee wa Kihindi anayeniuzia vitambaa tangu nianze kazi hii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unahema? Kuna moto?"

"Nataka bluu, nyepesi, pana kuliko zote ulizonazo. Nimelipata gauni la mama!"

"Umeliota?"

"Sijaliota. Nilikuwa sijalala bado."

Akapanda ngazi mwenyewe kushusha jora la juu kabisa. "Hata mimi," akasema akiwa kulekule juu, "nikikaribia kusinzia ndipo naona duka la baba yangu, mpaka harufu yake. Nikilala kabisa, naota upuuzi mtupu." Tukacheka wote wawili.

Nilikata na kushona kama mtu anayeandika anachosomewa. Siku mama mdogo alipowasili kutoka Magu kwa ajili ya harusi, mdogo wangu alikuwa amelivaa, amesimama dirishani, mgongo umeelekea mlangoni. Mama mdogo akaingia na mzigo wake kichwani. Akasimama.

"Dada!" akaita.

Mdogo wangu akageuka. Mama mdogo akatua mzigo, akaketi juu yake, akalia huku anacheka, kisha akapiga kigelegele kilichowaleta majirani. Alipotulia alilishika gauni, akalikagua mshono kwa mshono.

"Mgongo ni wenyewe," akasema. "Ila hizi ncha za mikono, zilizochongoka hivi, umezitoa wapi? La dada halikuwa nazo."

Ningeweza kuapa kwamba nazo niliziona kule kwenye baiskeli. Kumbe kichwa changu kilipokuwa kinazama, kilinipa la mama na jipya kwa mkupuo mmoja, na mimi fundi wa miaka mingi sikuweza kuona yalipoungwa.

"Nizikate?" nikauliza.

"Usithubutu!" wakasema wote wawili.

Harusi ilifanyika ufukweni, na upepo wa ziwa haukutuangusha. Kila mdogo wangu alipocheza, marinda ya gauni yalitanuka mgongoni yakapepea, na watu wakanyanyua simu. Kesho yake mafundi wenzangu walikuja kuniuliza nimeiga wapi.

Tangu hapo, mchana kazi ikipungua, nakaa makusudi na kitu cha chuma mkononi, nimtafute mama. Mara nyingi napitiliza na kukoroma tu. Wiki iliyopita, kijiko kilipoanguka, nilirudi na sauti. Nikampigia mdogo wangu hata kabla sijakiokota.

"Nimekumbuka mama alivyokuwa anapiga chafya! Akishapiga tu, anacheka mwenyewe, kama mtu aliyetekenywa."

Nikamsikia akimwita mumewe kwa sauti ya juu: "Njoo! Njoo usikie! Si unaniuliza kila siku nacheka nini nikipiga chafya?"