Maji Aliyoyaogopa Bi Mize

Nakumbuka mchana mmoja wa baridi hapa Kilburn, London, mjukuu wangu, nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama mkwe wangu, Bi Mize, amekaa kwenye ngazi za ndani. Amevaa buibui lake, amepakata mkoba. Nikamwuliza, "Mama, safari ya wapi?" Akanitazama kama unavyomtazama mpita njia. Kisha akatabasamu, akaniita Asha.

Mie si Asha. Asha alikuwa dada yake, amefariki huko Wete, Pemba, hata mie sijaolewa.

"Asha," akaniambia, "gari imechelewa leo. Mama atatugombeza."

Nimeishi sana, na mengi niliyoyaona ningependa kuyasahau. Lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale kwenye ngazi. Mtu unayempenda akikutazama usoni akakuita jina la maiti, damu inakusimama. Nikakaa chini karibu yake, nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, ngozi imelegea. Midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni. Niliyaona yote hayo, mwanangu, na sikuyaelewa hata moja.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea.

Wakati ule nilikuwa bado bibi harusi, naringa na khanga zangu mpya, na mume wangu Salim alikuwa kijana mwembamba, si huyu babu yenu mwenye kitambi. Tulipanga fleti ya juu katika nyumba ya zamani, na chini yetu akikaa mzee mmoja wa Ireland, peke yake. Baba yake Salim alipofariki, tukamleta Bi Mize kutoka Pemba aje akae nasi. Mwanamke msafi yule! Msafi mpaka unaona haya kuvua viatu mbele yake. Hakukubali hata siku moja kujipangusa kwa karatasi baada ya haja. Alistanji kwa maji, kwa kopo lake alilokuja nalo kwenye sanduku, na akitia udhu anaosha miguu mpaka inang'ara.

Sasa wewe umezaliwa huku, unavijua vyoo vyao. Sakafu haina tundu la kupitisha maji. Ukimwaga, yanatafuta njia yenyewe. Ya Bi Mize yalipata njia mpaka kwenye dari ya yule mzee wa chini, naye akapanda kugonga mlango. Hakutukana, masikini. Alieleza kwa upole kuwa dari yake inavuja. Salim akamwomba radhi, kisha akamwambia mama yake, naye kwa upole, "Mama, huku maji hayamwagwi chini. Jirani kagonga."

Bi Mize akajibu, "Haya, baba. Nimesikia." Sisi tukadhani yamekwisha.

Mie nilikuwa nikiuza vitambaa Southall, kwa mama mmoja wa Kipunjabi mzaliwa wa Nairobi, na kufika huko kutoka Kilburn ni safari nzima. Nikitoka asubuhi, namwachia Bi Mize jagi la maji mezani na chupa ya chai. Nikirudi, jagi tupu, chupa tupu. Nikafurahi. Nikawa najisifu kwa wenzangu kuwa mama mkwe wangu nimemtunza hata huko kwao hakutunzwa hivi. Dirishani alikuwa amepanda mrehani kwenye chungu, mbegu za kwao, ukachipua vizuri. Kisha ukaanza kuwa wa manjano, ukalala, ukaoza mizizi. Nikasema ni baridi, na jua la huku nalo ni la kuazima. Nani angefikiri kuwa ule mrehani ulikuwa ukinyweshwa maji ya mtu?

Baridi ilipokaza, akaanza kubadilika. Akalalamika kichwa. Akawa analala mchana kutwa. Akauliza jambo, ukamjibu, akaliuliza tena. Tukasema ni uzee, na ni majonzi ya mumewe. Salim alikuwa akinitazama kwa jicho la wasiwasi, na mie nikimtazama vivyo hivyo, lakini hakuna aliyethubutu kulitamka. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo walivyosema wazee, na sisi tulikuwa tunayaficha maradhi ambayo hata jina lake hatukulijua. Ndipo ikafika ile siku ya ngazi.

Nilimpigia Salim simu, akaja mbio. Alipomwona mama yake anaisubiri gari ya Wete katikati ya Kilburn, akageuka rangi. Akampigia ami yake, ndugu wa baba yake, aliyeko Unguja. Ami hakutaka hata kusikia habari yote. Akasema, "Huyo kaingiliwa. Mfukizeni ubani, msomeeni, na msimwache peke yake."

Nasi tukafanya. Usicheke. Mtu aliyeshikwa na hofu hushika chochote kilicho karibu. Salim akaanza kusoma huku sauti inamtetemeka, mie nikawasha mkaa kwenye chetezo, moshi ukajaa chumbani. Haikupita dakika, kengele ya moto kwenye dari ikalia, ile inayotoboa masikio. Bi Mize akajiziba masikio kwa viganja akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya kitoto, na machozi hayakutoka. Hilo ndilo linanirudia mpaka leo nikiwa peke yangu: alilia, na macho yake yalikuwa makavu. Akataka kusimama akimbie, magoti yakakataa, akaanguka ubavu mikononi mwangu.

"Salim," nikamwambia, "acha kusoma. Ita ambulensi."

"Ami kasema tusi—"

"Ami yuko Unguja! Mama yako anakufa hapa!"

Hilo neno lilinitoka bila kulipima, na mara lilipotoka, likawa kama tumeliona sote limesimama mlangoni. Salim akachukua simu.

Hospitali, daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, alimbana Bi Mize ngozi ya kifua kwa vidole, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama. Akamtazama ulimi. Kisha akatugeukia akauliza kitu chepesi kabisa: amekunywa nini leo? Na jana je?

Tulitazamana mie na Salim. Tulijua alichoota, tulijua alivyotuita, tulijua majina ya maiti wote aliozungumza nao. Alichokunywa hatukukijua. Nikasema, "Jagi huwa tupu." Hata mie mwenyewe nikasikia jinsi jibu lile lilivyo baya.

Yule daktari akatueleza kuwa mwili umekaukiwa, mkojo umeingia ugonjwa, figo zimechoka, na kwa mtu mzima mambo hayo hupanda kichwani yakavuruga akili. Si wazimu, wala si shetani. Akasema kuwa tungechelewa zaidi... kisha akainama, akaandika. Sentensi ile hakuimaliza, nasi hatukuthubutu kumwuliza mwisho wake.

Wakamtundikia dripu, wakampa na dawa. Tukakaa. Mwanangu, omba Mungu akuepushe na kukaa kule. Unatazama tone linashuka kwenye mrija, unajiambia likishuka lile atafumbua macho, na likishuka hafumbui. Salim alikuwa ameshika kopo la mama yake, alilibeba kutoka nyumbani sijui kwa nini, hakuliachia. Nilimwogopea yeye karibu sawa na nilivyomwogopea mama yake. Mama mmoja, mtoto mmoja, na kaburi la baba bado bichi.

Alipozinduka vizuri ilikuwa asubuhi nyingine, jua dogo limeingia dirishani. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Mbona mmenitolea macho kama bundi? Na wewe Zuwena, ushungi gani huo umejifunga?"

Zuwena ndiyo mie. Sijapata kulipenda jina langu kama siku ile.

Muuguzi akaleta glasi ya maji. Bi Mize akaitazama, akaipangusa kwa kidole, akageuza uso. Nikambembeleza. Akakataa. Nikambembeleza tena, nikaanza kulia. Ndipo akaniita kwa kichwa niinamishe sikio, akaninong'oneza Salim asisikie.

"Ntakunywa, mwanangu. Lakini nikinywa ntakwenda chooni. Nikenda chooni ntamwaga maji. Wa chini atagonga tena, nanyi mtafukuzwa nyumba kwa sababu yangu."

Alinong'ona, lakini Salim alisikia. Akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, mabega yakamcheza.

Umeelewa, mwanangu? Hakukosa maji. Alikaa miezi ile yote karibu na jagi lililojaa, akaumwagia mrehani maji hayo ili sisi tusihangaike, na chai akaimimina kwenye sinki. Hakutaka kututia aibu. Mwanamke aliyezaa na kuzika, ameiogopa hodi ya jirani kuliko alivyoiogopa kiu. Na kiu yenyewe ikifika mahali huacha kuita, hasa wakati wa baridi, hasa kwa mtu mzima. Mwili unakauka kimyakimya.

Salim akasema, "Nisamehe, mama." Bi Mize akamwekea mkono kichwani, ule wenye mrija.

"Mie sikugombezi, baba. Lakini nyie mmenifukiza moshi, mmeniita shetani, na hapana hata mmoja aliyeniuliza, mama una nini? Mtu mzima haombi. Mtu mzima huulizwa."

Kisha akanywa ile glasi yote, polepole, huku anatutazama.

Tuliporudi nyumbani Salim aliteremka kwa jirani akamweleza ukweli. Yule mzee akashika mdomo. Akasema dari si kitu, dari hupakwa rangi. Tukanunua jagi lenye mdomo mwembamba la kuweka chooni, na mkeka wa mpira wa sakafuni, na kwa udhu tukamtilia kiti kidogo ndani ya beseni la kuogea, akawa anaosha miguu humo. Mambo yenyewe yalikuwa madogo namna hiyo. Lakini figo zake hazikurudi kama zamani, alikwenda nazo hivyo hivyo mpaka alipotaka kurejea kwao, na huko ndiko alikofia, kitandani pake, akili yake timamu, miaka mingi baadaye.

Sasa nisikilize wewe.

Nakuona. Chupa yako ya maji inatoka asubuhi imejaa na inarudi jioni imejaa, unaizungusha London kama mgeni wa serikali. Najua sababu, mie ni mwanamke kama wewe. Unahifadhi udhu mpaka alasiri. Choo cha kazini hakina maji, unaona kinyaa. Shifti ni ndefu na msimamizi anakutazama kila ukinyanyuka. Na wenzio wanaoendesha mabasi nao wanajikausha hivyo hivyo kwa kuogopa njia ndefu. Mkikutana mnajisifu: mie leo sikwenda hata mara moja! Mwanangu, hiyo si sifa. Mie nikisikia maneno hayo nauona ule mkono mkavu pale kwenye ngazi.

Udhu ukivunjika hutiwa tena. Figo ikiharibika utaitia wapi? Tia kichupa kitupu mkobani kwa kustanji, ukijaze hapo hapo kwenye bomba, hakuna atakayekijua. Kunywa maji ukiamka, kabla ya chai. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, usingoje kiu ikutume. Ya bomba ya hapa ni salama, ile chokaa nyeupe inayoganda kwenye birika haiui mtu, usiniletee uvivu wa kusema mpaka ununue ya dukani. Ukienda haja tazama: mkojo ukiwa mweupe mweupe, mshukuru Mungu; ukiwa wa rangi ya chai, ni mwili unakulalamikia. Ila mtu ambaye daktari amempimia maji yake kwa sababu ya moyo au figo, huyo afuate la daktari wake, si langu. Na dua usiiache, dua na dawa hazikugombana. Tulichokosea sisi ni kusoma bila kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikuite leo ukae hapa.

Sasa mie ndiye mtu mzima wa nyumba hii. Magoti yangu hayazipendi ngazi, na choo kiko juu. Juzi ulinimiminia maji, ukaenda zako, na mie nikaitazama ile glasi, nikazitazama ngazi. Nikaishika glasi nikaipeleka mpaka kwenye chungu cha mrehani. Nilimwona Bi Mize, mwanangu, amesimama pale dirishani nilipokuwa nimesimama mie. Nikarudi nikakaa, nikanywa. Lakini niliogopa, na bado naogopa, maana siku nyingine huenda nisimkumbuke.

Kwa hiyo ukinikuta nimekuita kwa jina la marehemu, usiwashe ubani. Nitazame midomo. Na ukiona glasi yangu iko tupu, usifurahi kwanza. Tia kidole kwenye udongo wa ule mrehani. Kisha kaa karibu yangu, uniulize taratibu, "Bibi, unaogopa nini?" Nitakwambia. Sitajificha kwako.

Mungu akupe uzima wa mwili na wa akili, akujaalie uzee wenye watu wa kukuuliza. Akulinde kazini na njiani, na maji yako yasikukatikie duniani wala akhera. Amin. Haya, nipe mkono nipande ngazi, na hicho kichupa chako, kijaze.