Moris ya Byamungu na Mafuta ya Mama Apollinarie

Byamungu alikuwa mtu wa kukubaliana na watu katika mambo yote isipokuwa mashine. Ukimwambia mvua itanyesha, atasema itanyesha. Ukimwambia haitanyesha, atakubali pia, maana mvua si yake. Lakini thubutu kumwambia kwamba injini fulani imekufa, uone atakavyokutazama. Kwake hakuna injini iliyokufa. Kuna iliyolala, kuna iliyonuna, na kuna iliyoharibiwa na fundi mwenye haraka. Hayo alijifunza kwenye gereji moja ya malori mjini Uvira, Kongo, akaja nayo mpaka Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, akawa anafufua mashine za kusaga mahindi, baiskeli, pampu za maji na redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukitengeneza, nacho kilikuwa ndoa yake mwenyewe.

Si kwamba alikosana na mkewe. Yeye na Annonciata walipendana sana, tena kwa kelele, majirani ni mashahidi. Tatizo ni kwamba harusi ya kanisani haikufungwa. Kule Uvira posa ilishapokelewa na mahari ilishatolewa, na Byamungu, kijana mwenye mdomo, akamwahidi mchumba wake mbele ya mashangazi kwamba ataingia kanisani ndani ya gari la mumewe, si kwa miguu kama wake za wengine. Kabla siku haijafika, vita vikafika. Wakakimbia bila gari na bila kanisa. Watoto wakazaliwa Nakivale, wakakua, na katika kanisa lao mama asiyefunga ndoa hashiriki Meza ya Bwana wala hasimami mbele kuimba na akina mama wenzake. Annonciata, ambaye sauti yake ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya pili ya bonde, aliimba akiwa kwenye benchi la nyuma kabisa. Jambo hilo lilimuuma, na kila Jumapili lilimuuma upya.

Mchungaji Damascène alishawaambia mara nyingi kwamba waje tu, ni mwendo wa kushuka mteremko. Byamungu alikuwa tayari hata kesho yake. Aliyekataa ni Annonciata.

"Baba Doriane," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, "miye nilikuja Uganda na miguu. Nilipita mu pori na miguu, na mimba mu tumbo. Ku kanisa siwezi enda na miguu. Ulisema motokari, tutaenda na motokari."

"Tukodi ya bantu ba soko ya Rwekubo, Mama Doriane. Iko mingi."

"Hapana. Ulisema yako."

Ahadi ni deni. Byamungu akakuna kichwa, akarudi kwenye mashine za watu.

Gari lenyewe alilikuta Mbarara bila kulitafuta. Alikuwa ameitwa kutengeneza mashine ya kusaga ya Evas, mke wa sajenti mmoja wa kambi ya jeshi aitwaye Jovan. Nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya mji, palikuwa na kitu kimefunikwa na majani ya maboga. Byamungu aliyapangua majani akaona taa mbili za duara zikimtazama. Ilikuwa Moris, gari la Waingereza, ambalo marehemu baba yake Jovan aliyekuwa mwalimu alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na kuku watano na jogoo, wamekaa kwenye viti kama wanangoja dereva.

"Hiyo nakufa zamani," alisema Afande Jovan.

"Afande," Byamungu akajibu, na sauti yake ilibadilika, "hii haikufa. Iko nalala."

Evas, aliyekuwa amechoka kutafuta mayai chini ya viti, akaona mlango wa wokovu umefunguka. Alimvuta mumewe pembeni, wakanong'ona, na Jovan aliporudi alikuwa amesimama wima kama yuko gwaride.

"Wewe Mukongomani, kama naweza tembeza hii gari, chukua. Lakini siku itatembea, mimi lazima napanda. Hiyo ni oda."

"Ndiyo, afande."

Lori la matoke lililokuwa linarudi tupu liliiburuta Moris kwa mnyororo kupitia Kabingo, Byamungu akiwa kwenye usukani kwa heshima zote, akiwapungia mkono watu waliokuwa wanamcheka.

Ilipofika nyumbani ndipo Moris ilipoonyesha tabia yake. Nati zake zilikuwa za inchi, na spana zote za Nakivale ni za milimita. Namba kumi na mbili haiingii. Namba kumi na tatu inaingia lakini inacheza, inakula kona za nati. Byamungu akachukua spana ya kumi na mbili, akaikwangua kwa tupa, anajaribu, anakwangua tena, mpaka ikaishika nati vizuri. Nati iliyofuata ilikuwa ya saizi nyingine. Akaanza upya, huku akiwatukana Waingereza kwa Kifaransa, maana Annonciata hakutaka matusi ya Kiswahili mbele ya watoto.

Kwenye nguzo ya kila mlango kulikuwa na kijimkono chenye taa, kinachochomoka kuonyesha gari linakata upande gani. Cha kulia kilichomoka chenyewe kilipotaka, na watoto wa jirani wakawa wanakipigia saluti. Kitasa cha mlango wa kushoto hakikushika kabisa. Byamungu alisema kimelala usingizi mzito, akaufunga mlango kwa kipande cha kitenge. Majirani nao hawakukosa la kusema. Walisema Byamungu ameoa mke wa pili, wa chuma, na kwamba huyu anampenda zaidi kwa sababu hasemi.

Siku injini ilipowaka, ilikohoa, ikatema moshi na manyoya ya kuku, kisha ikanguruma. Annonciata akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

"Iko naongea," alisema taratibu.

Akarudi ndani, na Byamungu akamsikia anaimba. Wiki hiyo hiyo alimtuma aende kwa mchungaji kupanga siku.

Zikabaki breki. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Byamungu alifungua magurudumu yote manne, akatoa zile pedi, vipande vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vilivyobandikwa ngozi ngumu ya kubana gurudumu kwa ndani. Fundi wa Mbarara alikuwa amezibandika ngozi mpya. Byamungu akazipanga juu ya mkeka uani, safi, kavu, zikipendeza, akakaa kuzitazama.

Wakati huo wakaingia akina mama wa maombi. Ni desturi yao: kabla ya harusi wanakwenda kwa bibi arusi, wanamwombea, na kukipaka mafuta ya upako kila kitu kitakachomgusa siku hiyo. Walikwisha kupaka shela, viatu, kiti na sufuria za wali. Aliyewaongoza ni Mama Apollinarie, mwanamke mwenye imani nzito na mkono mzito zaidi, na chupa yake ilikuwa mafuta ya zeituni kidogo na mafuta ya kupikia mengi. Akaviona vile vipande kwenye mkeka, vimepangwa kama vinangoja zamu.

"Hizi ni nini, Baba Doriane?"

"Ni garniture ya frein, mama. Njo inasimamisha motokari."

"Inasimamisha?" Mama Apollinarie akageuka. "Basi njo yenye kuhitaji maombi kupita zingine zote. Bamama, mukuje!"

Hata mtoto wa gereji anajua kwamba breki ikinywa mafuta haishiki tena. Byamungu akafungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba Mama Apollinarie ndiye anayesema nani asimame mbele na nani abaki nyuma. Akiusukuma mkono wake leo, kabla ya jua kuzama itasikika kwamba Byamungu amekataa upako wa harusi yake. Kuna harusi zilizoahirishwa kwa dogo kuliko hilo. Akafunga mdomo. Chupa ilipoinama alisema "Amina" kwa sauti ya mtu aliyejipiga nyundo kidoleni.

Walipoondoka tu, akachukua tambara na petroli kidogo. Alikuwa hajagusa hata pedi moja, kivuli kikamwangukia.

"Uko nafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unapangusa upako?"

"Mama Doriane, mafuta na frein haviskilizanake."

Annonciata alipiga magoti kando ya mkeka. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Miaka yote hii niko nyuma ya kanisa. Leo bamama bamekuja ku nyumba yangu, bameniwekea mikono. Usipanguse. Tafazali."

Mwambie mwanamke huyo habari za ngozi ya breki, kama wewe una roho hiyo. Byamungu hakuwa nayo. Alizirudisha pedi kama zilivyo, zinang'aa, akijiambia kwamba mafuta yataungua njiani kwa joto. Akajaribu gari uani, likasimama vizuri. Ni kweli kwamba ua ni tambarare, na mbele palikuwa na kichuguu, lakini mtu akitaka kuamini haangalii vichuguu.

Jumamosi asubuhi Afande Jovan alifika kutoka Mbarara na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakauka. Aliambiwa mbele ni pa bibi arusi, akakubali kukaa nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Annonciata akaingia na shela lake, amependeza hata Byamungu akasahau kwa muda mfupi kwamba gari lina breki au halina. Wakaondoka. Barabara inashuka kutoka kijijini kwao mpaka bondeni, kanisa liko pale chini upande wa kulia, kisha inapanda upande wa pili. Byamungu, kwa mazoea ya madereva wa milima ya Uvira wanaobania petroli, akatoa gia, Moris ikateremka yenyewe.

Mita mia kabla ya kanisa akakanyaga breki. Mguu ukaenda, gari likaenda pia. Akatafuta gia, gia ikasaga meno, ikakataa.

Wanakwaya walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Walipoiona Moris wakaanza wimbo wa kumpokea bibi arusi, na bibi arusi akapita. Mchungaji Damascène aliinua mkono kumsalimu, akabaki ameuinua.

"Baba Doriane, tumepita kanisa."

"Nimeona."

"Simama!" akaamrisha Afande Jovan kutoka nyuma. "Gari! Simama!"

Kile kipande cha kitenge kikakatika, na mlango wa Annonciata ukafunguka wote. Nje zilikuwa nyasi ndefu, laini, na gari lilikuwa limeanza kupanda na kupunguza mwendo.

"Ruka!" Byamungu akapiga kelele. "Ruka, mama! Miye nitabaki nayo!"

Annonciata alizitazama nyasi. Akalikusanya gauni lake, akaliingiza ndani, akaushika mkono wa mumewe uliokuwa unavuta breki ya mkono, wakavuta pamoja. Haikusaidia kitu, maana na yenyewe inabana kwa pedi zile zile zilizopakwa.

Katikati ya mlima Moris ikaishiwa nguvu, ikatulia. Jovan akaona amri yake imefanya kazi, akaongeza nyingine: "Nyuma... geuka!" Na Moris, ambayo haikuwahi kumtii mtu yeyote, ikaanza kurudi kinyumenyume. Wanakwaya, waliokuwa wamekata wimbo, wakauanza upya kwenye kiitikio. Watu walikuwa wanakimbia kando na simu zao juu. Moris ikapita kanisa kwa mgongo, ikapanda kidogo upande wa nyumbani, ikafikiri, ikashuka tena mbele kwa mwendo wa mgonjwa, na ikasimama yenyewe bondeni, sawasawa na mlango wa kanisa. Kijimkono cha kulia kikachomoka, kikaonyesha mlangoni.

"Mumeona?" Mama Apollinarie akainua mikono juu. "Imesimama hapa hapa! Mafuta ya Mungu haidanganyake!"

Byamungu alikuwa na jibu, tena refu, lenye habari zote za ngozi na chuma. Akalimeza. Akashuka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

Ibada ilichelewa kuanza kwa sababu watu hawakuacha kucheka, na Jovan alikuwa anawaeleza wazee jinsi alivyoliongoza gari. Mwishowe Mchungaji Damascène akakohoa, akawasimamisha maarusi wawili mbele ya watu wote, pale mbele ambapo Annonciata hakuwahi kusimama. Byamungu alijibu haraka alipoulizwa. Zamu ya Annonciata ikafika.

"Utabaki na Byamungu mu furaha na mu mateso, hata mu hatari?"

Annonciata alimgeukia mumewe, aliyekuwa na grisi kwenye kola ya shati jeupe, na macho ya mtu ambaye bado hajajua kama amesamehewa.

"Pasteri," alisema, kwa ile sauti yake inayofika ng'ambo, "mulango ilikuwa wazi. Sikuruka."