Picha ya Mashavu

Kaka yangu tulimpachika jina la Sentimita kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kukipima. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye studio yake ya picha, nyuma ya pazia la buluu, akisafisha sura za watu kwenye kompyuta: chunusi ondoa, kola nyoosha. Mbishi kupindukia, lakini kazi alikuwa anaijua.

Mama alipougua akabaki ngozi na mifupa, alituita sote wawili.

"Siku yangu ikifika, watu wasinione hivi. Wekeni ile ya mashavu."

Picha ya mashavu alipigwa akiwa na miaka hamsini, amesimama chini ya saa ya ukutani, amenawiri, anacheka. Sentimita aliapa.

Mama alifariki Alhamisi, mazishi yakapangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi skrini ya Sentimita, ile ya zamani yenye umbo la nne kwa tatu, ikazimika isiwake tena. Kinyozi hajinyoi. Nilimsindikiza dukani, macho yamemvimba. Muuzaji alibakiwa na mbili tu: moja kuukuu, nne kwa tatu, yenye mstari wa kijani katikati; nyingine mpya, pana, kumi na sita kwa tisa.

"Chukua hii pana, bosi. Ina pikseli elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini. Utaona mpaka vinyweleo."

"Kompyuta yangu ni ya zamani. Itaiweza?"

"Itawaka tu. Macho yatazoea."

Siku nyingine yoyote Sentimita angetoa rula na kubishana mpaka duka lifungwe. Siku hiyo alisema tu, "Nifungie."

Kompyuta haikuweza kutoa pikseli zote hizo, vile vinukta vinavyounda picha. Ikatoa zake za siku zote, elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, na ile skrini ikazivuta pembeni mpaka zikaijaza. Nikamwuliza mbona maandishi yamenenepa.

"Skrini pana, vitu vipana," alinijibu kwa ukali. Mjinga mimi! Maisha yangu yote nimebishana na huyu mtu, siku ya kubishana nikafunga mdomo.

Akamfungua mama kwenye skrini. Akamwona ameumuka, akadhani picha iliharibika ilipoingizwa kwenye kompyuta. Akambana ubavuni kidogo kidogo, huku analia, mpaka akawa mama kabisa.

"Hapo hapo, kaka," nilisema.

Jumamosi asubuhi niliichukua kwa mchapaji, imeshatiwa fremu na kufungwa karatasi. Nikamkabidhi mama mdogo aiweke mlangoni, nikakimbilia ndani kwenye shughuli. Watu wakapita mbele yake mmoja mmoja, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, wote. Tulipomaliza kuzika ndipo mama mdogo akatuvuta pembeni.

"Sikutaka kuwauliza mbele za watu, wanangu. Mbona mmemrudisha kitandani?"

Tukaenda kuitazama. Uso umesinyaa, shingo ndefu, mabega yamekwisha. Juu ya kichwa chake ile saa ya ukutani imekuwa kama yai. Sentimita akatoa rula mfukoni, akapima upana wa saa, akapima urefu wake.

"Robo," alisema. "Nimemkata mama robo nzima."

Nilimwambia twende nyumbani. Hakunisikia, alikwenda moja kwa moja studio, nikamfuata. Alihangaika na mipangilio ya skrini mpaka picha ikajikusanya katikati, pembeni kukabaki weusi huku na huku. Kisha akafungua ile picha ya mwanzo, ambayo hakuigusa. Saa ilikuwa duara. Mashavu yalikuwepo, yote mawili, na kicheko chake.

"Njoo umwone," aliniambia.

Nikasogea. Tulikuwa wawili tu.