Vioo Vitatu vya Wanyonyi

Ukipanda ngazi za lile jengo lililo nyuma ya soko, ambalo chini yake wanauza mbegu na dawa za kuku, utampata Brigid Namalwa ghorofa ya pili, amezungukwa na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Usimwambie unataka kompyuta nzuri. Atakutazama kama mtu aliyeingia hotelini akaagiza chakula kitamu. "Nzuri ya kufanya nini?" atakuuliza, na ukikosa jibu atakurudisha nyumbani ukafikirie kwanza. Yuko kwenye kazi hii mwaka wa ishirini na moja sasa, na hajawahi kumuuzia mtu kitu asichokihitaji. Wenzake wa ghorofa hiyo wanauona huo kuwa ujinga mtupu.

Baba yake alitoka Bungoma akaja Eldoret kuwa karani wa kinu cha unga, akapanga nyumba mtaa wa Langas na kuwalea watoto wawili, Brigid na Wanyonyi, aliyezaliwa miaka tisa baada yake. Brigid alipofika miaka kumi na tisa mama yao akafariki. Baba huzuni ikamlemea, akarudi kwao, akamwachia binti yake kazi ya kumlea mdogo wake ili asikatize shule. Ndipo Brigid akapata kibarua cha kufagia duka la Mzee Njenga, fundi mkali aliyeunganisha kompyuta za saiba, yale maduka ya intaneti. Mwaka wa kwanza alifagia. Mwaka wa pili Mzee alirudi kutoka chai akamkuta ameifungua mashine iliyokuwa imemshinda yeye mwenyewe, nayo inawaka. Hakumsifu hata kidogo. Kesho yake alimletea bisibisi mpya, na miaka ilipokwenda akastaafu na kumwachia duka.

Wateja anaowapenda zaidi ni waandishi wa programu, na ndio anaogombana nao zaidi. Kijana anaingia akitaka kasha lenye taa za rangi na kadi ya grafiki kubwa kama tofali. "Hiyo programu utaiandika ukicheza disko?" Brigid anamuuliza. Kisha anamketisha na kumweleza taratibu. Chukua prosesa yenye nguvu, ndiyo ubongo wa mashine, maana programu ikiwa kubwa hapo ndipo jasho linapotoka. Weka RAM ya kutosha, gigabaiti thelathini na mbili, wala usinung'unike. Diski iwe SSD ya kasi. Kadi ya grafiki achana nayo, utatumia iliyomo ndani ya prosesa. Halafu usifanye ubahili kwenye kibodi na kioo, ambacho ndicho skrini kwa lugha ya ghorofa ya pili, kwa sababu hivyo viwili utashinda navyo kutwa nzima.

Haya yote alijifunza kwa ajili ya Wanyonyi. Alimsomesha mpaka akawa mwandishi wa programu za vyama vya maziwa, na leo mkulima wa Moiben akiona lita zake kwenye simu kila asubuhi, aliyeandika programu hiyo ni Wanyonyi. Brigid aliwasimulia hilo hata wateja ambao hawakuuliza. Aibu yake ilikuwa moja tu. Amewajengea wageni mashine za kila namna, na ndugu yake mwenyewe bado anahangaika na laptop kuukuu aliyomuunganishia kwa vipuri vya kuokoteza.

Miaka miwili iliyopita laptop hiyo ikaanza kusumbua. Wanyonyi alikuja akilalamika kwamba kioo kimefifia na kina ukungu upande wa kushoto. Brigid akakibadilisha siku hiyo hiyo. Baada ya miezi saba alirudi, akasema ukungu umerudi na sasa uko pande zote mbili. Brigid akawatukana kidogo wanaoleta vioo vya siku hizi, akaweka kingine kinachong'aa zaidi. Wanyonyi aliporudi tena mapema mwaka huu, cha tatu Brigid alikiagiza Nairobi, kikaja kipya kwenye karatasi yake. "Sasa je?" akauliza. Wanyonyi akainama pua ikakaribia kukigusa, akasema, "Sasa iko sawa, Dada." Vile viwili alivyoviweka kisha akavitoa alivijaribu baadaye, vikawaka vizuri kabisa. Akasema huenda ilikuwa waya. Aliviuza kwa watu wengine, na hakuna aliyewahi kuvirudisha.

Mwezi wa sita mwaka huu Wanyonyi akapiga simu. Alikuwa amepata mkataba na chama kingine, huko Soy, akataka kompyuta ya mezani, yenyewe hasa. Brigid alifurahi mpaka akafagia duka mara mbili. Chini ya meza alikuwa na kioo cha inchi ishirini na saba alichokificha tangu Krismasi asije akashawishika kukiuza.

Wanyonyi alipanda ngazi polepole, mkono haubanduki kwenye chuma cha kushikilia. "Umezeeka lini wewe?" Brigid akamtania. Wanyonyi akacheka, akakitafuta kiti kwa mkono kabla ya kuketi. Brigid aliliona hilo pia, akadhani ni uchovu.

"Processor na RAM nishakuwekea," akamwambia. "SSD nayo utapenda mwenyewe. Nini tena?"

"Nataka headphones za maana, si hizi za kuanguka kwa masikio. Na keyboard ile nzito, yenye vidole vinaweza kujua viko wapi."

"Programmer na headphones? Umekuwa DJ?"

"Kazi itakuwa ya kusikiza sana, Dada."

Brigid hakuuliza ni kusikiza nini, maana hamu ya kutoa zawadi yake ilikuwa imemzidi. Alikitoa kioo, akakiweka mbele ya ndugu yake na kukiwasha. "Hii haiko kwa list," akasema. "Hii ni mimi nakupea."

Wanyonyi akanyoosha mikono akakipapasa kingo zake, kutoka pembe moja hadi nyingine. "Ni kubwa," akasema.

"Na picha yake unaionaje?"

"Naona tu mwanga. Hii uuzie mtu mwingine, Dada. Mimi sitahitaji screen."

Brigid alikasirika kwanza. Akaanza kumgombeza, akimuuliza kiburi cha kukataa zawadi amekitoa wapi, na watu wangapi huku Eldoret wangekipokea kioo hicho kwa magoti. Alikuwa katikati ya maneno alipotambua kwamba Wanyonyi anamsikiliza huku uso wake umeelekea rafu ya nyaya, pembeni kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akakizima kioo.

"Ni pressure ya macho," Wanyonyi akasema. "Ya kushoto imezima kabisa. Hii ya kulia imebaki katundu kadogo, na hawajui kama itamaliza mwaka. Kuna program inakusomea code kwa sauti. Nimeanza kujifunza. Kuna watu wanafanya kazi hivyo na wamenishinda mbali."

"Ulijua lini?"

"Nilienda hospitali baada ya kile kioo cha tatu. Kabla ya hapo hata mimi niliamini ni screen."

"Na mbona ukaniambia iko sawa?"

"Uliiagiza Nairobi, Dada. Ulikuwa umefurahi sana."

"Daktari alisemaje?"

"Aliniuliza nilikuwa wapi hii miaka karibu miwili. Akasema hii kitu ikishikwa mapema kuna dawa ya matone inaisimamisha." Akakatiza hapo, kama aliyetamani kuyarudisha maneno kinywani.

Brigid akavuta kasha akaanza kazi, kwa sababu asingeweza kukaa bure. Akaipachika prosesa, akaingiza RAM na kuunganisha nyaya. Vioo viwili vilitoka kwenye laptop ile vikiwa vizima. Fundi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba ukibadilisha kifaa na tatizo likabaki palepale, basi hukuligusa tatizo. Angekuwa mteja mwingine yeyote, angemwambia mara ya pili tu aende akapimwe macho. Alishawaambia watu hivyo, tena kwa mzaha. Lakini huyu alikuwa Wanyonyi, na alitaka sana ubovu wa Wanyonyi uwe wa kitu ambacho mikono yake ingeweza kutengeneza. Kwa hiyo alibadilisha vioo, na kila mara alijisikia dada mwema.

Alasiri mashine ilikuwa tayari. Brigid aliiunganisha kwa muda na kioo cha duka ili kuweka programu, kisha akauchomoa waya wa kioo. Wanyonyi akavaa hedifoni. Sauti ikaanza kumsomea kwa kasi kiasi kwamba Brigid, aliyesikia kwa mbali, hakuelewa neno, lakini vidole vya Wanyonyi vilikuwa vimeshaanza kutembea kwenye kibodi. Alikosea, akafuta, akajaribu tena.

"Wanyonyi," Brigid akaita. Akalirudia jina mpaka hedifoni zikashuka shingoni. "Ningekutuma kwa daktari ile siku ya kwanza, badala ya kubadilisha kioo. Ungekuwa unaona?"

Alikuwa amemlea tangu akiwa na miaka kumi. Alijua anavyodanganya: hutangulia kutabasamu, kisha hujibu haraka haraka.

Wanyonyi akatabasamu. "Hapana, Dada," akajibu upesi. "Yangu ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Hakuna kitu ungefanya."

"Sawa," Brigid akasema. "Asante."

Wanyonyi akarudi kwenye kibodi, ila hedifoni aliziacha shingoni. Brigid akabaki amesimama nyuma yake. Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke, lakini alibana pumzi zake, kwa sababu ndugu yake angesikia.