Tyubu Mkononi mwa Koko

Miaka ile soko huria lilipoanza kushika kasi na watu wakaruhusiwa tena kufungua hospitali binafsi, nilipata kazi ya maabara kwenye mojawapo, hapa hapa Arusha mjini. Nilikuwa na koti jeupe jipya, hadubini ambayo sikuruhusu mtu mwingine aiguse, na mdomo. Mgonjwa akiuliza jambo mara mbili, nilimjibu kwa ukali. Najisema mwenyewe kabla hawajanisema niliofanya nao kazi.

Umeme ndio uliotushusha hadhi. Ulikuwa wa mgao, na chombo chetu cha kupashia maji kilikaa bure siku nzima. Kipimo cha kuganda kwa damu kinataka joto la mwili, kwa hiyo tulitumia mwili wenyewe. Unaitia damu kwenye tyubu ya kioo, unaifumbata kiganjani, na kila baada ya nusu dakika unaiinamisha kidogo kuona kama bado inatiririka. Damu isiyo na tatizo huwa imeshikamana katika dakika kumi hivi. Hata ukiipindua tyubu, haimwagiki.

Asubuhi moja alikuja mwanamke kutoka Oldonyo Sambu mwenye rovu shingoni, limembana koo hata akawa anapumua kwa mluzi na kulala ameketi. Daktari wa upasuaji alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, na siku ndiyo hiyo. Mgonjwa alikuwa amekwisha kukimbia kisu mara mbili. Safari hii alisindikizwa na mama yake mzazi, bibi mrefu wa shuka mbili na hereni za shanga. Wote pale tulimwita koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Mtoe damu, lakini usimalize."

Nilitoa, nikaitia kwenye tyubu, na hata dakika mbili hazijapita nikaitwa wodini kumpima mtoto mwenye homa kali. Nikampa koko tyubu.

"Ifumbate hivi, isipate baridi. Narudi sasa hivi."

"Damu naijua, mwanangu. Nenda."

Niliporudi, robo saa ilikuwa imepita na damu inatiririka kama chai. Nikaifumbata mwenyewe hadi nusu saa ikatimia, bado. Nikaogopa kweli. Mtu wa damu ya namna hiyo ukimkata shingoni, utaizuia kwa kitu gani? Nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba damu haigandi. Daktari akasoma, akavua glavu, akasema upasuaji haupo, mgonjwa apelekwe Moshi akachunguzwe.

Mgonjwa aliposikia hayo akaanza kukunja khanga zake. Nilijua haendi Moshi wala harudi kwetu. Alikuwa anarudi nyumbani na rovu lake.

Koko alinifuata maabara. Nilidhani anakuja kulia, kumbe anakuja kugomba.

"Wanasema damu ya mwanangu ni mbaya, haigandi. Itaganda namna gani, na mimi nimekoroga?"

"Umeikoroga?"

"Wewe uliacha tu bila kijiti. Ng'ombe akitolewa damu, mwenye kibuyu anakoroga, anakoroga, mpaka nyuzi zote zinashika kijiti. Ukiacha inaganda, nani atakunywa? Huyu alipojifungua nilimkorogea mimi damu ya kunywa, hivi hivi."

Akainamia ndoo ya taka, akachomoa njiti ya fagio. Ilikuwa imezungukwa na uzi mweupe unaonata, ule ule unaoifanya damu ishikamane. Alikuwa ameutoa wote, kazi safi kabisa. Nilicheka mpaka nikaegemea meza, halafu nikaacha, maana fomu yenye sahihi yangu ilikuwa kwa daktari.

Nilikwenda kumwambia. Akauliza nani amempa ndugu wa mgonjwa sampuli. Nikasema ni mimi. Sikuwa nimezoea kusema hivyo. Akasema nina dakika ishirini kabla hajafunga vifaa vyake.

Mgonjwa tulimkuta getini. Koko alimweleza kwa lugha yao, naye akanyoosha mkono bila kuuliza lolote; nadhani alikuwa amechoka kukimbia. Safari hii nilikaa mwenyewe na tyubu kiganjani, koko pembeni akiniangalia kama mtu anayeona chakula kinaungua na amekatazwa kugusa chungu. Dakika ya nne ilitiririka. Ya sita ikaanza kuwa nzito. Ya nane nikaipindua tyubu, na damu haikutoka.

"Umeiharibu," alisema koko.

"Ndiyo, koko. Imeharibika kabisa."

Nilifurahi hata nikamkumbatia, mimi ambaye sikuwa mtu wa kukumbatia watu. Yeye hakucheka. Alinishika mkono akauliza kama sasa watamkata.

"Watamkata."

"Basi wamkate. Mwaka mzima silali, nahesabu pumzi zake."

Nilichukua fomu mpya nikakimbia nayo.

Alasiri binti yake alitolewa akiwa na bendeji shingoni, anapumua bila mluzi. Daktari alikuja mwenyewe kumweleza koko jinsi kazi ilivyokwenda. Alimkuta amelala fofofo kwenye benchi, na hatukumwamsha.