Saa ya Uvira mu laptop ya Papa

"Papa, ni lisaa limoja tu nilisogeza," nilimujibu. "Sikuvunja kitu."

"Lisaa limoja tu," akarudilia. "Na ndugu yangu nimusogeze namna gani?"

Nilikuwa nimetoka kuchota maji, kidumu kingali mu mukono. Yeye ameketi na laptop yake, ile anatumia kutia nyimbo mu simu za batu kule soko ya Misiera. Tangu tufike kambi ya Nakivale, huku Uganda, hajabadilisha saa ya laptop ile. Uganda iko mbele ya Uvira, kwetu Kongo, na lisaa limoja. Kila jioni, laptop ikionyesha saa kumi na mbili, anafunga mulango anasali, juu ndugu yake aliyebaki kule anasali dakika ileile. Ndugu yule hana simu. Walipatana vile siku tunakimbia, na ni ile tu wanayo.

Siku hiyo alisali, akatoka inje, akakuta jua lingali juu ya kilima, na kila siku saa hiyo linakuwa limezama. Njo akajua.

Mimi nilikuwa na sababu. Madam wetu wa fizikia, mama wa Mbarara, bwana yake ni askari, alikuwa ameomba darubini ya kompyuta kwa shule moja kule, ailete ku kilabu yetu ya nyota. Unaiunganisha na laptop kwa waya, unachagua nyota, inajigeuza yenyewe. Laptop niliazima ya Papa, akiisha kusali. Jana yake, giza linaanza, kilabu yote imejipanga, nikabonyeza Jupita. Jupita tuliiona kwa macho, juu ya miti. Darubini ikalia, ikageuka, ikainama, ikasimama inaangalia bati za jikoni ya shule.

"Kumbe ku Jupita banapika maharagi," mumoja akasema, na kila mutu akacheka.

Madam hakucheka. Kiswahili yake ni ya kambi ya jeshi, haizunguki. "Hii kitu imekufa. Kesho kutwa asubuhi narudisha Mbarara. Watasema wakimbizi waliharibu. Hawatatupa ingine."

Kesho yake, mu darasa, nikaelewa. Laptop njo inaambia darubini ni saa ngapi. Mimi niliandika kwamba tuko Uganda, yenyewe ikatoa saa ya Uvira. Darubini ikatafuta Jupita pale ilikuwa lisaa limoja nyuma, ingali chini. Nikakimbia nyumbani. Papa alikuwa shamba. Nikasogeza saa, sikumungoja.

"Juu ya nini hukuniuliza?" Papa akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali.

Nikaendelea. Nikamuambia saa si Uvira, saa haiwezi kurudisha mutu, sisi tuko hapa. Maneno mingi. Yeye anajibu, mimi nazidi, mpaka fasi yote ikawa giza. Mara akageuza laptop kwangu.

"Soma."

Ilikuwa saa moja na dakika makumi mbili. Kwa Uvira, kumi na mbili na makumi mbili.

"Amekwisha kusali," Papa akasema. "Leo alikuwa peke yake."

Nikaenda kulala. Mu kitanda nikakumbuka kwamba programu ya darubini ina ukurasa wa kuandika saa kwa mukono. Niliuruka juu ya haraka. Saa ya laptop haikulazimika kuguswa hata kidogo.

Nikakata shauri: asubuhi, mbele ya Papa, nitarudisha saa ya Uvira. Halafu nikimbie kwa Madam kabla taxi ya Mbarara haijaondoka, nimuambie darubini haijafa, ni mimi niliruka ukurasa, na nimuombe jioni moja tu ya kujaribu tena.