Kompyuta ya Mbugangari Inayosema Hakuna

Saa mbili asubuhi, Phocas Habineza amechuchumaa chini ya meza akikagua waya. Yuko Mbugangari, mjini Gisenyi, mpakani na Goma, katika ofisi ya shirika linalotafuta watoto waliopotea vitani. Mbele ya meza ameketi Xavérine, muuza viazi wa Bugeshi, na hana dalili ya kuondoka.

"Mwezi huu naliambiwa hakuna, mara mbili," anasema. "Bon, nimechoka na hiyo hakuna. Mutoto wangu iko wapi?"

Mtoto huyo, Ineza, alimponyoka mkononi mwaka 1994 katika msongamano wa wakimbizi waliokuwa wakivukia Goma. Alikuwa na miaka minne.

Phocas, 31, alikulia Kigoma na ndiye fundi pekee wa kompyuta hapa. Mshahara wake, anatania, huishia kwa mwenye nyumba.

Leo ameugundua ugonjwa wa kompyuta. Kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, inayotunza majina, iliwekewa programu mpya mwezi uliopita. Ya mezani ikasahauliwa, ikabaki na programu ya zamani. Zinasalimiana, ila hazielewani.

"Ya zamani inatafuta jina la ukoo," anaeleza. "Kwetu hapa mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba wala la mama. Ndiyo maana mpya ina nafasi ya jina la mama. Hii ya mezani haiijui nafasi hiyo. Ukiiuliza, inajibu hakuna, bila haya."

Ingegoma kabisa, wangeshtuka mapema. Inauma kuona kosa linalojibu kwa adabu kiasi hicho.

Anaweka programu mpya, anawasha upya, anaandika jina la mama. Wanatokea watoto wanne. Mmoja ni Ineza, msichana, mzaliwa wa Bugeshi, anayelelewa Rubona.

Xavérine halii. Anakaza kitenge na kusimama. "Mi naenda sasa hivi."

"Subiri gari letu, Mama Ineza. Lazima tuhakikishe kwanza kama ndiye."

"Nalisubiri miaka tano, fundi!"

Gari linapoondoka naye, Phocas hashangilii. Anawawaza waliojibiwa hivyohivyo wakaenda kuweka matanga.

"Huyu mama ni mbishi, ndiyo pona yake," anasema.

Jumapili anapanga kupanda Bugeshi, kanisa kwa kanisa, aombe nafasi baada ya misa na kukiri kwamba ofisi ilikosea.

"Ukishaambiwa mwanao hayupo, hutarudi kuuliza," anasema. "Lazima mtu akufuate."